Kubadili rekodi moja bila kuharibu zote: mwongozo kamili kwa anayegusa kanzidata ya kazi

Simu iliingia saa mbili asubuhi kutoka stoo moja ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. "Kaka, wateja wote wanadaiwa sawa." Karani alikuwa anarekebisha deni la mteja mmoja, kutoka shilingi 480,000 kuwa 408,000, tarakimu mbili tu zilizopinduka. Amri aliiandika vizuri, kwa mistari miwili, wa kwanza ukisema nini kibadilike, wa pili ukisema kwa mteja yupi:

```
UPDATE wateja SET deni = 408000
WHERE id = 217;
```

Akaburuta kipanya kuichagua, mkono ukaishia mwisho wa mstari wa kwanza, akabonyeza kitufe cha kutekeleza. Wateja 1,364 wakaandikiwa deni la 408,000 kila mmoja, hata waliokwisha kumaliza kulipa. Kabla hajajua afanye nini, mfumo ukawa umeshatuma meseji za kukumbusha madeni. Mama mmoja wa Ukerewe, aliyemaliza deni lake wiki iliyotangulia, alivuka ziwa kuja stoo na risiti zake zote amezifunga kwenye pindo la kanga. Tulikaa siku nne na daftari la stoo, tukiingiza madeni upya kwa mkono.

Nimeitwa kwa kosa la aina hii mara nyingi hapa Mwanza, na kila mara aliyelifanya alikuwa mtu makini. Umakini peke yake haukumwokoa hata mmoja wao. Kwa hiyo hatua zifuatazo zinaweka breki na hesabu pale pale ambapo mkono huteleza.

Mifano yote ni ya MySQL na PostgreSQL, programu mbili za kanzidata (database), maana ndizo ninazozikuta kwenye stoo, maduka na vyama vya kuweka na kukopa. MariaDB, ndugu yake MySQL, inafuata njia hiyo hiyo karibu kote, na pale inapotofautiana nitasema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Majina mawili ya kuingilia kwenye kanzidata: moja la kusoma tu, moja la kuandika.
- Kanzidata ya majaribio yenye jina tofauti na ile ya kazi, kwa mfano `mwalo_majaribio` badala ya `mwalo`.
- Nafasi ya diski inayotosha kubeba nakala ya jedwali unalotaka kuligusa.
- Faili la maandishi la kuandikia amri kabla ya kuzipeleka kwenye kanzidata.
- Karatasi na kalamu. Utaona kazi yake kwenye Hatua ya 5.
- Mtu wa pili wa kusoma amri, kama kazi inagusa fedha za watu.

Jua pia unatumia kanzidata gani na toleo lipi. `SELECT VERSION();` inajibu kote kuwili.

Hatua tatu za kwanza hufanywa mara moja tu. Kama una rekodi ya kurekebisha sasa hivi na mteja amesimama dirishani, anza na Hatua ya 4, lakini jioni urudi hapa.

## Hatua ya 1: Tenganisha wa kusoma na wa kuandika

Sehemu kubwa ya kazi ya kila siku ni kuangalia: nani anadaiwa, magunia mangapi yameingia, nani kalipa. Kazi hiyo haihitaji jina lenye uwezo wa kufuta.

Kwa MySQL:

```
CREATE USER 'msomaji'@'localhost' IDENTIFIED BY 'neno_la_siri';
GRANT SELECT ON mwalo.* TO 'msomaji'@'localhost';
```

Kwa PostgreSQL:

```
CREATE ROLE msomaji LOGIN PASSWORD 'neno_la_siri';
GRANT USAGE ON SCHEMA public TO msomaji;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA public TO msomaji;
```

Amri hiyo ya mwisho inahusu majedwali yaliyopo leo tu. Ukiongeza jedwali kesho, itabidi uirudie, au uweke `ALTER DEFAULT PRIVILEGES`.

Utajuaje imefanikiwa. Ingia kama `msomaji` ujaribu kufuta, kwa sharti ambalo haliwezi kutimia:

```
DELETE FROM wateja WHERE 1 = 0;
```

Ruhusa ikiwa imekaa sawa, utakataliwa: MySQL itatoa kosa namba 1142, PostgreSQL itasema `permission denied`. Ruhusa ikiwa imekosewa, amri itapita lakini haitafuta kitu. Usijaribu kufuli kwa amri inayoweza kuleta madhara endapo kufuli ni bovu.

Tazama pia jina ambalo mfumo wenyewe wa stoo unalitumia. Je, unahitaji kweli kufuta kwenye jedwali la malipo? Kwa stoo nyingi nilizofanyia kazi, haukuhitaji. Kwenye MySQL, ruhusa iliyotolewa kwa kanzidata nzima huwezi kuipunguza kwa jedwali moja, kwa hiyo toa ruhusa jedwali kwa jedwali tangu mwanzo.

## Hatua ya 2: Weka breki kwenye mashine yako

MySQL ina breki ya kuzaliwa. Kwenye faili la `.my.cnf` ndani ya folda yako, linalosomwa na programu ya kuandikia amri iitwayo `mysql`, andika:

```
[mysql]
safe-updates
```

Kuanzia hapo, `UPDATE` au `DELETE` isiyokuwa na `WHERE` inayotumia ufunguo wa jedwali, na isiyokuwa na `LIMIT` (kikomo cha idadi ya rekodi), inakataliwa kwa kosa namba 1175. Programu za kuchagua kwa kipanya, kama ile ya karani wa Kirumba, hazilisomi faili hili; huko breki ile ile huwekwa kwa `SET sql_safe_updates = 1;`, na angekuwa ameiweka, asubuhi ile ingekuwa ya kawaida.

Tahadhari tatu. Kwanza, mpangilio huu unazuia pia `SELECT` kuonyesha zaidi ya rekodi 1,000, kwa hiyo usihesabu kwa macho kwenye skrini; tumia `COUNT(*)`, inayokuhesabia yenyewe. Pili, breki hii inakaa kwenye programu ya `mysql` ya mashine yako peke yake. Kompyuta ya mwenzako na mfumo wa stoo haziijui. Tatu, wapo wanaoikwepa kwa kuandika `WHERE id > 0`, na mara nyingi inapita. Ukiona sharti hilo kwenye amri ya mtu, msimamishe umuulize anataka kugusa nini.

PostgreSQL haina breki ya namna hiyo ndani yake. Kuna kiendelezi kiitwacho `safeupdate` kinachokataa `UPDATE` na `DELETE` zisizo na `WHERE`, lakini lazima mwenye seva akisakinishe. Unachoweza kufanya mwenyewe leo ni kuandika mstari huu kwenye `.psqlrc`, faili la mipangilio la `psql`, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL:

```
\set AUTOCOMMIT off
```

Neno `AUTOCOMMIT` liandikwe kwa herufi kubwa, la sivyo halitafanya kazi na hutaambiwa. Ukishaliweka, hakuna badiliko linalokaa mpaka uandike `COMMIT`. Ukitoka bila kuandika, kazi yote inapotea. Siku chache za kwanza itakuudhi, kisha utazoea.

## Hatua ya 3: Jua umesimama kwenye seva gani

Makosa mengi ya kufuta hayakuwa makosa ya amri. Amri ilikuwa sahihi, dirisha ndilo halikuwa lenyewe. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhia waandishi wa programu kazi zao, alifuta folda ya kanzidata akidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye seva kuu. Takriban saa sita za data ya wateja zikapotea, na walipokimbilia nakala za akiba wakakuta njia zao tano hazifanyi kazi ipasavyo au hazikuwekwa kabisa. Kama imewapata wenye kazi hiyo, nasi wa Makoroboi na Nyakato tujilinde.

Fanya jina la seva na la kanzidata lionekane kila unapoandika amri. MySQL, ndani ya `.my.cnf`, chini ya ule mstari wa breki:

```
prompt=(\\u@\\h) [\\d]>\\_
```

PostgreSQL, ndani ya `.psqlrc`:

```
\set PROMPT1 '%n@%m %/%R%x%# '
```

Ile `%x` iache mahali pake. Inaonyesha nyota muamala, yaani kifurushi cha mabadiliko ambayo hujayathibitisha, ukiwa wazi, na utaihitaji kwenye Hatua ya 7.

Ukiingia kwenye seva ya mbali kupitia SSH (njia ya siri ya kuunganisha mashine mbili), seva zote mbili zinaweza kujionyesha kama `localhost`. Ndiyo maana nikasisitiza kanzidata ya majaribio iwe na jina lake. Kwenye MySQL unaweza pia kuuliza `SELECT @@hostname;` ukapata jina la mashine yenyewe. Wanaotumia DBeaver, programu ya kuendeshea kanzidata kwa kipanya, wanaweza kuupa muunganisho wa kazi rangi nyekundu. Fanya hivyo leo, ni dakika moja.

## Hatua ya 4: Chukua nakala ya jedwali unaloligusa

Kuanzia hapa ni kila mara.

```
CREATE TABLE wateja_nakala_0614 AS SELECT * FROM wateja;
SELECT COUNT(*) FROM wateja;
SELECT COUNT(*) FROM wateja_nakala_0614;
```

Idadi mbili zikilingana, una pa kurudi. Nakala hii haibebi funguo wala mahusiano ya jedwali, lakini data imo yote, na data ndiyo utakayoililia. Kwenye MySQL ifanye kabla ya kufungua muamala, kwa sababu `CREATE TABLE` inathibitisha papo hapo chochote ulichokuwa umeanza.

Kwa kazi inayogusa majedwali mengi, chukua nakala ya kanzidata nzima: `mysqldump --single-transaction mwalo > mwalo.sql`, au `pg_dump -Fc mwalo > mwalo.dump`. Kisha irudishe kwenye kanzidata ya majaribio uone kama inafunguka. Faili ambalo hujawahi kulirudisha usilihesabu kuwa nakala.

Kazi ikishatulia wiki mbili, futa nakala hizo. Zina majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama stoo yako ina kompyuta moja.

Kazi kubwa ya kusafisha data ipangie siku za mbalamwezi kubwa. Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa hazivuti kitu, stoo imetulia, na hakuna karani anayeingiza mzigo mpya huku wewe unafuta wa zamani.

## Hatua ya 5: Hesabu kabla hujagusa

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nyingine zote zinaisaidia hii.

Chukua karatasi. Kabla ya kuandika amri yoyote, andika idadi ya rekodi unazotarajia kugusa. Itoe nje ya kompyuta: kwenye daftari la stoo, kwa kumuuliza mwenye mzigo, kwa kumbukumbu ya karani. Hakuna mwenye mali anayeruhusu lori liondoke Kirumba kabla ya kujua limepakia magunia mangapi. Usipojua idadi kabla, namba yoyote itakayotokea kwenye skrini utaiona ya kawaida.

Tuseme mwenye stoo ameamua kusamehe madeni madogo, chini ya 5,000, kwa wateja wa Nansio na Kome. Daftari linasema ni watu 23. Andika 23 kwenye karatasi, kisha:

```
SELECT COUNT(*) FROM wateja
WHERE eneo = 'Nansio' OR eneo = 'Kome' AND deni < 5000;
```

Jibu: 188. Simama hapo hapo. Kanzidata hufunga `AND` kwanza, halafu `OR`, kwa hiyo ilichosikia ni "wateja wote wa Nansio, pamoja na wale wa Kome wenye deni dogo". Ungesamehe Nansio nzima. Sahihi ni:

```
SELECT COUNT(*) FROM wateja
WHERE eneo IN ('Nansio', 'Kome') AND deni < 5000;
```

Jibu: 23. Linganisha na karatasi. Sasa tazama rekodi zenyewe, hasa za kwenye ncha, maana ndipo makosa hujificha:

```
SELECT id, jina, eneo, deni FROM wateja
WHERE eneo IN ('Nansio', 'Kome') AND deni < 5000
ORDER BY deni;
```

Mara nyingi hapa ndipo unapokuta deni la hasi, yaani mteja aliyelipa zaidi na stoo ndiyo inayodaiwa. Ukiweka sifuri hapo, umemdhulumu mtu. Ongeza `AND deni > 0`, hesabu upya, na ile 23 ya kwenye karatasi nayo iulizwe upya kwa mwenye daftari.

### Mtego ambao hautoi kosa lolote

Huu nauandika kwa urefu kwa sababu umewapata watu wenye uzoefu wa miaka. Una orodha ya wateja waliofungwa, kwenye jedwali liitwalo `orodha`. Safu yake inaitwa `namba`. Wewe umesahau, ukaandika:

```
DELETE FROM malipo
WHERE mteja_id IN (SELECT mteja_id FROM orodha);
```

Ndani ya `orodha` hakuna safu ya `mteja_id`. Ungetarajia kanzidata ilalamike. Haitalalamika. Ikiikosa ndani, inaitafuta nje, inaikuta kwenye `malipo`, na sharti linageuka kuwa "futa kila malipo ambayo mteja wake ni yule yule mteja wake". Maadamu `orodha` ina rekodi hata moja, malipo yote yenye mteja yanaondoka. MySQL na PostgreSQL zote zinafanya hivyo, na ndivyo kanuni ya SQL inavyotaka.

Kinga ni kutaja jedwali kila unapotaja safu ndani ya mabano:

```
WHERE mteja_id IN (SELECT o.mteja_id FROM orodha o);
```

Sasa utapata kosa la safu isiyojulikana, na kosa hilo ni la kushukuru.

Jambo jingine la kuangalia ni safu zenye thamani tupu, `NULL`. Sharti la `deni <> 0` haliwagusi walio na `NULL`, na `NOT IN` ikikutana na `NULL` moja ndani ya orodha hairudishi chochote. Ukipata idadi ndogo kuliko ya karatasi, anzia hapo.

## Hatua ya 6: Geuza SELECT kuwa UPDATE

Usiandike amri mpya. Chukua ile ile iliyokupa 23, ubadilishe kichwa tu, `WHERE` usiiguse. Ukilazimika kuandika upya, anza na `WHERE`, nukta-mkato iwe ya mwisho kabisa. Na iandike kwa mstari mmoja, ili kipanya kisipate pa kuishia katikati. Baadhi ya programu za kuandikia amri huhesabu mstari mtupu kuwa mwisho wa amri, kwa hiyo usiache nafasi kati ya `SET` na `WHERE`.

Kwa rekodi moja, weka thamani ya zamani ndani ya sharti:

```
UPDATE wateja SET deni = 408000 WHERE id = 217 AND deni = 480000;
```

Kama karani mwingine amepokea malipo ya mteja huyo dakika mbili zilizopita, deni si 480,000 tena, na amri haitagusa kitu. Utaona 0, utakwenda kuuliza. Hata ukiitekeleza mara mbili kwa bahati mbaya, ya pili haina madhara.

Ukibadilisha safu mbili, zitenganishe kwa koma. Kwenye MySQL, `SET bei = 95000 AND magunia = 12` haibadilishi safu mbili; inauliza kama yote mawili ni kweli, kisha inaweka jibu, 1 au 0, kwenye bei. Nimekuta bei za gunia zimekuwa shilingi moja kwa sababu ya neno hilo.

## Hatua ya 7: Fungua muamala, soma idadi, ndipo uthibitishe

Muamala ninaousema hapa si wa kutuma pesa kwa simu. Ni kifurushi cha mabadiliko ambacho hakijakaa mpaka useme kikae.

```
START TRANSACTION;
UPDATE wateja SET deni = 0 WHERE eneo IN ('Nansio', 'Kome') AND deni > 0 AND deni < 5000;
```

Kwenye MySQL, breki ya Hatua ya 2 ikiikataa kwa kosa namba 1175, ongeza mwishoni `LIMIT` iliyo kubwa kuliko namba ya karatasi, kwa mfano `LIMIT 100`.

Mkono utoke kwenye kibodi. Soma jibu. MySQL itasema `Rows matched: 23 Changed: 23`, PostgreSQL itasema `UPDATE 23`. Angalia karatasi.

Ikilingana, hakiki kwa `SELECT` moja, kisha `COMMIT;` ili mabadiliko yakae. Isipolingana hata kwa moja, `ROLLBACK;` ili yarudi nyuma yote, halafu urudi Hatua ya 5. Usijiambie kwamba 24 iko karibu na 23. Huyo mmoja ana jina, na atakuja dirishani.

Kwa kazi ya fedha mimi hufanya mara mbili: mara ya kwanza namaliza kwa `ROLLBACK` hata kama kila kitu kimelingana, nampa mwenzangu aone namba, mara ya pili ndiyo ya `COMMIT`.

Mahali ambapo muamala haukulindi:

Majedwali ya zamani ya aina ya MyISAM hayajui muamala. `ROLLBACK` haitarudisha kitu. MySQL ilifanya InnoDB kuwa aina ya kawaida kuanzia toleo la 5.5, lakini mifumo iliyoanzishwa kabla ya hapo bado iko kazini. Kagua:

```
SELECT table_name, engine FROM information_schema.tables
WHERE table_schema = 'mwalo';
```

`TRUNCATE`, `DROP` na `ALTER` (kumwaga jedwali, kuliondoa, kubadili umbo lake) kwenye MySQL zinathibitisha papo hapo, muamala uwe wazi usiwe wazi. PostgreSQL inaweza kuzirudisha nyuma, lakini usizoee, maana kesho utakuwa kwenye MySQL.

Kwenye phpMyAdmin, yaani MySQL kupitia kivinjari, kila unapobonyeza kutekeleza ni muunganisho mpya, hivyo muamala haukusubiri hadi ubonyeze tena. Tumia kitufe chake cha `Simulate query`, kinachokuambia amri ingegusa rekodi ngapi bila kuzigusa.

Na usiache muamala wazi ukaenda kunywa chai. Rekodi ulizoshika zimefungwa kwa wengine. Kwenye MySQL karani wa dirishani atasubiri sekunde 50 kisha apate kosa; kwenye PostgreSQL, kama hujaweka kikomo, atasubiri mpaka urudi. Umeme ukikatika katikati, usihofu: muamala ambao haukuthibitishwa unarudishwa nyuma seva inapowaka.

## Hatua ya 8: Angalia kinachofutika pamoja

Unafuta mteja mmoja, kanzidata inasema rekodi 1, karatasi inasema 1. Kumbe malipo yake yote ya miaka mitatu yameondoka naye, kwa sababu aliyejenga mfumo aliweka `ON DELETE CASCADE`. Idadi unayosomewa haihesabu yaliyofuata nyuma.

Kwenye PostgreSQL andika `\d wateja` usome sehemu ya `Referenced by`. Kwenye MySQL:

```
SELECT table_name, delete_rule FROM information_schema.referential_constraints
WHERE constraint_schema = 'mwalo' AND referenced_table_name = 'wateja';
```

Ukiona `CASCADE` kwenye jedwali la fedha, mwombe aliyejenga mfumo aibadilishe kuwa `RESTRICT`, ili mteja mwenye malipo asifutike kabisa.

Kwa wateja na malipo mimi sifuti. Naongeza safu ya `imefutwa_tarehe`, mfumo unaonyesha zile ambazo ni tupu tu. Kosa likitokea, kulirudisha ni `UPDATE` moja.

## Hatua ya 9: Kazi kubwa igawe

Ukifuta maelfu ya rekodi, nenda kwa mafungu. MySQL inakubali `DELETE ... ORDER BY id LIMIT 500`. PostgreSQL haina `LIMIT` kwenye `DELETE`, kwa hiyo tumia `WHERE id IN (SELECT m.id FROM mizigo m WHERE ... ORDER BY m.id LIMIT 500)`. Kila fungu na muamala wake, na hesabu baada ya kila fungu.

## Ikishatokea

Hujathibitisha? `ROLLBACK`, imekwisha.

Umeshathibitisha? Kabla ya yote zima mfumo wa stoo, na hasa kituma meseji. Kila dakika unaoendelea kufanya kazi, data nzuri mpya inachanganyika na mbovu. Andika saa, amri uliyotekeleza na idadi uliyosomewa. Usijaribu kurekebisha kwa mkono. Chukua nakala ya jedwali lilivyo sasa, limeharibika hivyo hivyo, kwa sababu urekebishaji nao unaweza kukosewa.

Kama ulifuata Hatua ya 4, rudisha zile zilizoharibika tu. Kwa MySQL, ondoa breki kwa amri hii peke yake:

```
SET sql_safe_updates = 0;
START TRANSACTION;
UPDATE wateja w JOIN wateja_nakala_0614 n ON n.id = w.id SET w.deni = n.deni WHERE w.deni = 408000;
```

Soma idadi, `COMMIT`, kisha `SET sql_safe_updates = 1;`. Kwa PostgreSQL:

```
BEGIN;
UPDATE wateja w SET deni = n.deni FROM wateja_nakala_0614 n WHERE n.id = w.id AND w.deni = 408000;
```

Kama nakala ya Hatua ya 4 hukuchukua na unatumia MySQL 8.0, uliza `SHOW BINARY LOGS;`. Kumbukumbu hizo, zinazoandika kila badiliko, huwashwa zenyewe na, zisipobadilishwa, hukaa siku 30. Rudisha nakala ya akiba ya mwisho ya kanzidata nzima kwenye seva nyingine, kisha tumia `mysqlbinlog` kuendeleza mabadiliko hadi kabla tu ya amri mbaya. MariaDB huwa imezizima, na PostgreSQL inaweza hivyo pale tu kumbukumbu zake za mabadiliko, ziitwazo WAL, zilikuwa zinahifadhiwa tangu kabla. Hii ni kazi ya kuita msaidizi, na hakuna aibu kumpigia.

Kabla ya kufungua dirisha la stoo, jumlisha:

```
SELECT COUNT(*), SUM(deni) FROM wateja;
```

Weka jumla hiyo kando ya jumla ya daftari. Zikilingana, washa mfumo, kisha chukua orodha ya waliotumiwa meseji ya deni lisilo lao, na uwapigie simu mmoja mmoja, ukianza na wale wa visiwani ambao wangelazimika kupanda kivuko kuja kujieleza.